Astronomia ya ridhaa ni nini, na iliichoraje anga ya kusini?

Astronomia ya ridhaa ni kazi ya kuangalia vitu vya angani na kuviandika, ikifanywa na mtu ambaye hiyo si ajira yake. Ni ridhaa ile ile ya ndondi za ridhaa: aliyeingia ulingoni ameingia kwa mapenzi yake, hana mshahara anaousubiri mwisho wa mwezi. Mtu huyu anaweza kuwa mkulima, mchungaji wa kanisa, fundi saa, karani au mstaafu. Mchana anahangaikia riziki. Usiku anageukia nyota.

Maelezo mengi huishia hapo, na msomaji huondoka akidhani kwamba ridhaa ni daraja la chini, mahali pa kujifunzia kabla mtu hajawa mtaalamu wa kweli. Wazo hilo nalipinga mapema. Ridhaa inahusu malipo tu. Ubora wa kazi hupimwa kwa kitu kingine, nacho ni rekodi. Mtu aliyetoka nje usiku, akaiangalia Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, akashangaa na kurudi kulala, amejipatia raha ya bure na hakuna wa kumlaumu. Ila hajafanya astronomia bado. Anaifanya pale anapoandika ameona nini, sehemu gani ya anga, tarehe gani na saa ngapi, akiwa wapi, kwa chombo gani, na mawingu yalikuwaje. Karatasi hiyo ikimfikia mtu wa pili, hata baada ya miaka mia mbili, ataweza kuelekeza darubini yake pale pale na kusema: ndiyo, kipo, au hakipo tena, au kimebadilika.

Ninaposema miaka mia mbili sitii chumvi. Katika anga ya kusini ipo nyota iitwayo Eta Carinae, iliyo mbali nasi kwa takriban miaka ya nuru 7,500. Tunayoyajua kuhusu maisha yake ya karne tatu zilizopita yametokana na macho ya watu, wengi wao wasiolipwa, walioandika usiku mmoja baada ya mwingine ilikuwa na mwangaza kiasi gani. Nitairudia njiani.

Kwa nini kusini ilichelewa kuingia vitabuni

Sababu ni umbo la Dunia. Aliyesimama Amsterdam, digrii 52 kaskazini mwa ikweta, hawezi kamwe kuona nyota zilizo ndani ya digrii 52 kutoka ncha ya kusini ya anga. Hata angekuwa na darubini kubwa kuliko zote, Dunia yenyewe imemzibia. Ptolemaio, aliyeishi Aleksandria katika karne ya 2, alikuwa na nafasi nzuri zaidi kwa kuwa alikuwa kwenye digrii 31 tu. Orodha yake ya nyota zaidi ya 1,000 inazo hata nyota za Msalaba wa Kusini, alizozihesabu kuwa sehemu ya kundinyota la Kantori. Tangu hapo mhimili wa Dunia, unaoyumba polepole kwa mzunguko wa takriban miaka 26,000, umezishusha nyota hizo zaidi kwa watu wa kaskazini. Kusini zaidi ya nyota hizo orodha ilikuwa tupu.

Tupu kwenye karatasi, nasisitiza. Chini ya anga hiyo watu walikuwepo na waliijua. Jamii kadhaa za wenyeji wa Australia zinamwona ndege emu mkubwa akiwa amejinyoosha kwenye Njia Nyeupe, naye hakuchorwa kwa nyota bali kwa sehemu nyeusi zilizo katikati ya nyota. Kichwa chake ni lile doa jeusi lililo ubavuni mwa Msalaba wa Kusini. Leo tunajua kwamba weusi huo ni mawingu ya vumbi yanayozuia mwanga wa nyota za nyuma. Manahodha wa Bahari ya Hindi nao walikuwa wakipima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho ili wajue wamefika wapi, na Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza katika anga nzima ya usiku, ilikuwa mojawapo ya nyota zao. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, aliandika elimu hiyo kwa nathari na kwa mashairi, likiwemo shairi la njia ya kwenda Sofala. Historia ya anga ya kusini ikianza na meli za Ulaya, imeanzia katikati.

Meli hizo zilileta kitu kimoja kipya: orodha yenye vipimo, iliyoweza kuchapishwa na kusambazwa. Mwaka 1595 msafara wa kwanza wa Waholanzi kwenda visiwa vya viungo uliondoka ukiwa na rubani Pieter Dirkszoon Keyser. Mchoraji ramani Petrus Plancius alikuwa amemwagiza apime nyota za kusini zisizokuwa kwenye orodha. Msafara ulikaa miezi kadhaa Madagaska, mabaharia wakiwa wagonjwa, na inaelekea Keyser alipima nyota nyingi akiwa huko. Alifariki mwaka 1596 kabla ya kuiona tena Uholanzi. Vipimo vyake vilirudi bila yeye, na Plancius akavitumia kuchora makundinyota 12 mapya kwenye tufe la anga: Kinyonga, Tausi, Nzi, Korongo, Tukani na mengine. Mwenzake wa safari, Frederick de Houtman, baadaye alifungwa na Sultani wa Aceh huko Sumatra, na kifungoni akaendelea kupima. Mwaka 1603 alitoa kamusi ya Kimalay na Kimalagasi, na mwishoni mwa kamusi hiyo akaweka orodha ya nyota 303 za kusini. Orodha ya nyota ndani ya kamusi! Nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huo wa mtu anayefanya astronomia pembeni mwa shughuli nyingine.

Kijana, padri, na gavana

Edmond Halley alikuwa na miaka 20 alipoacha masomo Oxford na kwenda kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini. Baba yake alimgharamia, na Kampuni ya India ya Mashariki ikampa nafasi melini. Kisiwa kile kina ukungu na mawingu mengi, akahangaika. Hata hivyo alirudi mwaka 1678 akiwa na nafasi za nyota 341 zilizopimwa kwa chombo chenye darubini. Mojawapo ilikuwa Eta Carinae, aliyoiandika kuwa ya daraja la 4. Kipimo hiki cha mwangaza kinakwenda kinyume na unavyotarajia: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Daraja la 1 ni zile kali, daraja la 6 ndizo za mwisho kuonekana kwa macho matupu.

Nicolas-Louis de Lacaille hakuwa wa ridhaa. Alikuwa padri na mwanachama wa chuo cha sayansi cha Paris, na safari yake ya Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 ilikuwa kazi rasmi. Namweka hapa kwa sababu kila aliyemfuata alisimama mabegani pake, na kwa sababu ya jinsi alivyofanya kazi. Darubini yake ilikuwa na lenzi yenye upana wa takriban nusu inchi, ikikuza mara nane tu. Leo darubini ya kawaida ya macho mawili ni bora kuliko hiyo. Hakuifuatisha na nyota. Aliifunga ikae mahali pamoja, akaacha mzunguko wa Dunia uzipitishe nyota mbele yake zenyewe. Ndani ya darubini aliweka fremu ndogo yenye umbo la msambamba. Nyota ikiingia upande mmoja anaandika saa, ikitoka upande wa pili anaandika saa. Kutokana na saa hizo mbili anapata nafasi yake. Kwa namna hiyo, kwa chini ya mwaka mmoja, alipima nyota zaidi ya 9,700.

Kila ninapoisoma habari hii huwa najiuliza mgongo wake ulikuwaje. Zaidi ya nyota hizo aliandika pia vitu 42 vilivyoonekana kama ukungu, kimojawapo kikiwa galaksi (kusanyiko kubwa mno la nyota) inayoitwa leo M83. Akajaza mapengo ya anga kwa makundinyota 14, mengi yakiwa vifaa vya kazi: darubini, hadubini, saa ya ukutani, hata ile fremu yake. Moja alilipa jina la mlima uliokuwa mbele ya macho yake, Mlima Meza. Halley alikuwa ametenga kundinyota la mti wa mwaloni kumsifu Mfalme Charles II, Lacaille alilifuta. Eta Carinae aliiona imepanda hadi daraja la 2.

Baada yake ridhaa inarudi, tena kwa namna inayochanganya. Sir Thomas Brisbane aliteuliwa kuwa gavana wa New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, mwaka 1821, akaja na vyombo vyake mwenyewe, akajenga kituo cha kuangalia nyota huko Parramatta kwa fedha zake na kuajiri wasaidizi wawili. Yeye ni wa ridhaa. Wasaidizi wanalipwa, lakini na yeye. Msaidizi mmoja, James Dunlop, Mskoti aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, alijitengenezea darubini ya kioo na mwaka 1826 akaifagia anga ya kusini nzima. Alitoa orodha ya nebula (vitu vya ukungu) na mafungunyota (nyota zilizosongamana) 629, akatunukiwa medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia, jijini London, mwaka 1828.

Kisha mwaka 1834 John Herschel, mwanaastronomia Mwingereza, akafika Rasi ya Tumaini Jema na darubini yake kubwa, akaanza kuvitafuta vitu vya Dunlop. Alivipata takriban theluthi moja tu. Vingine huenda vilikuwa nyota mbili zilizokaribiana na kuonekana kama ukungu katika kioo kisichokamilika, au nafasi zake ziliandikwa vibaya. Sipendi kumcheka Dunlop, maana ndiye aliyeigundua NGC 5128, mojawapo ya galaksi zilizochunguzwa sana hadi leo. Lakini kisa chake kinaeleza rekodi ina uzito gani kuliko sifa zozote. Medali ilimlinda kwa miaka michache. Mtu wa pili mwenye darubini alimaliza mjadala.

Herschel mwenyewe hakuajiriwa na yeyote. Serikali ilimwahidi msaada akaukataa, akajilipia safari na kukaa miaka minne. Desemba 1837 aliiangalia Eta Carinae, aliyoizoea, akakuta imewaka ghafla kuliko karibu nyota zote za jirani. Mwaka 1843 ilifikia kilele, ikawa ya pili baada ya Sirius, nyota kali kuliko zote za usiku. Halafu ikazama hadi macho matupu yasiweze kuiona tena. Huo ndio mlipuko mkuu wa Eta Carinae. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba wameunasa mwangwi wa mwanga wake: mwanga uliotoka wakati ule ule, ukagonga vumbi lililo mbali na nyota, ukachelewa kutufikia kwa zaidi ya karne moja na nusu. Ili kuuelewa mwangwi huo walihitaji kuulinganisha na namba zilizoandikwa na watu wa karne ya 19 kwa macho yao.

Mkulima wa Windsor

Kama ningeombwa nimtaje mtu mmoja kuwa maana kamili ya astronomia ya ridhaa, ningemtaja John Tebbutt. Alikuwa mkulima huko Windsor, New South Wales. Jioni ya tarehe 13 Mei 1861, akiwa hajatimiza miaka 27, alikuwa akitafuta kometi (nyota zenye mkia) upande wa magharibi kwa darubini ndogo ya mabaharia, akaona kitu hafifu kama ukungu karibu na nyota Lacaille 1316. Angalia jina la nyota hiyo. Namba ile ya padri, iliyoandikwa karne moja nyuma, ndiyo iliyompa mkulima mahali pa kushika.

Aliangalia orodha zake, hakukuta nebula mahali hapo. Hilo halikutosha. Kometi hujulikana kwa kusogea, na hii ilisogea kidogo mno, kwa sababu ilikuwa inakuja karibu moja kwa moja kuelekea tuliko. Ikabidi airudie usiku baada ya usiku, kupima umbali wake na nyota za jirani, hadi aliporidhika baada ya zaidi ya wiki moja kwamba imehama. Ndipo akaandika barua kwa mwanaastronomia wa serikali mjini Sydney na kwa gazeti. Wakati huo hapakuwa na waya wa telegrafu kati ya Australia na Uingereza, hivyo kometi ilifika anga ya Ulaya kabla ya habari zake. Mwisho wa Juni ilikuwa kubwa na angavu ajabu, na inaaminika kwamba Dunia ilipita ndani ya mkia wake.

Serikali ya koloni ilimpa Tebbutt nafasi ya kuwa mwanaastronomia wake. Aliikataa. Akajenga kituo chake shambani, akaendelea kwa zaidi ya miongo minne: kometi, nyota zinazofunikwa na Mwezi, hali ya hewa, na Eta Carinae pia, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuichoka. Mwaka 1881 aligundua kometi kubwa ya pili. Mwaka 1984 Australia iliweka sura yake kwenye noti ya dola 100.

Namba moja inapatikanaje

Kazi inayoonyesha ridhaa ilivyo kwa karibu zaidi ni kukadiria mwangaza wa nyota badilifu, yaani zile ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka. Inafanywa hivi. Kwanza unakaa gizani nusu saa hivi ili macho yazoee. Ukihitaji taa, iwe nyekundu na hafifu. Una ramani yenye nyota yako, na kando yake nyota nyingine ambazo mwangaza wake unajulikana na haubadiliki. Tuseme moja ni 5.8 na nyingine 6.4. Unatazama: yako ni hafifu kuliko ya kwanza, ni kali kuliko ya pili, na iko karibu zaidi na ya kwanza. Unaandika 6.0. Nyota ikiwa hafifu sana hutaiangalia usoni. Unatupa jicho pembeni yake kidogo, kwa sababu sehemu ya jicho inayohisi mwanga hafifu haiko katikati. Kisha unaandika tarehe na saa, wengi wakitumia hesabu ya siku za Julius isiyojali miezi wala miaka: adhuhuri ya Greenwich ya tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa siku ya 2,451,545.

Jambo gumu ni uaminifu. Ukikumbuka kwamba jana uliandika 6.0, akili itakushawishi uone 6.0 tena. Wazoefu hujizuia kuangalia daftari kabla ya kukadiria. Jicho lililofunzwa hukosea kwa sehemu moja au mbili za kumi, na makosa ya watu wengi yakiwekwa pamoja husawazishana.

Albert Jones wa New Zealand, aliyefariki mwaka 2013, alifanya makadirio ya aina hiyo zaidi ya 500,000. Hakuna mtu aliyemkaribia. Kwa kuwa alikuwa nje kila usiku wa anga safi, mambo yalimkuta kazini: kometi mwaka 1946, kometi nyingine mwaka 2000 akiwa na miaka 80, zote mbili zikijitokeza alipokuwa akielekea kwenye nyota zake za kawaida, na Februari 1987 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiona supanova (nyota iliyolipuka) ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, iliyong'aa kuliko zote tangu mwaka 1604.

Jack Bennett wa Pretoria alitafuta kometi. Tatizo la mtafuta kometi ni vitu vinavyofanana nazo, kwa hiyo alijitengenezea orodha ya vitu 152 vya kusini vya kuviepuka, ambayo sasa wapenzi wa anga huitumia kinyume chake, kama orodha ya vitu vya kuvitembelea. Julai 1968, katika M83, galaksi ile ile ya Lacaille, aliona nyota isiyokuwapo awali. Ilikuwa supanova, ya kwanza kugunduliwa kwa jicho kwenye darubini tangu mwaka 1885. Mwaka uliofuata, Desemba, aliipata kometi inayobeba jina lake. Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko Australia, alikariri sura za mamia ya galaksi hadi akawa anatambua nyota mpya kwa kutupia jicho tu. Aligundua supanova zipatazo 40 kwa jicho, mojawapo mwaka 1983 katika M83 hiyo hiyo.

Na sasa?

Mashine zimechukua sehemu kubwa ya uwindaji. Darubini zinazojiendesha zenyewe hupiga picha anga yote na kompyuta hulinganisha, na kometi nyingi leo zina majina ya miradi. Bado wa ridhaa hupenya: Terry Lovejoy, Mwaustralia, alipata Novemba 2011 kometi iliyopita karibu kabisa na Jua na ikanusurika, Anthony Wesley, naye Mwaustralia, tarehe 19 Julai 2009 aliona doa jeusi kwenye Mshtarii, alama ya kitu kilichoigonga sayari hiyo, na darubini kubwa ya Hawaii ikathibitisha baada ya yeye kutoa taarifa.

Kuna pia nyota ambazo mashine kubwa haziziwezi kwa sababu zinang'aa mno. Kamera ya kituo cha Vera C. Rubin kule Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, imeundwa kwa vitu hafifu. Nyota yoyote inayoonekana kwa macho matupu huifurisha kwa mwanga. Eta Carinae ni mojawapo. Imepanda tena katika miongo ya karibuni na sasa iko karibu na daraja la 4, pale pale Halley alipoiacha. Kwa walio karibu na ikweta na kusini yake, jioni za Machi hadi Juni ndizo nzuri: tafuta Msalaba wa Kusini, kisha sogea upande wa magharibi wake kwenye Njia Nyeupe hadi ukutane na doa la mwanga kama moshi. Shirika la waangalizi wa nyota badilifu la Marekani, AAVSO, lililoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya mtu yeyote duniani kupitia intaneti na kutoa ramani za kulinganishia bure. Linataka jina la nyota, muda, makadirio, na nyota mbili ulizolinganishia.